Herufi za Sikukuu za Baba

Somanda, Bariadi. Jumamosi, mwezi wa sita.

Tangu asubuhi kuna upepo mkavu, ule wa msimu wa pamba. Malori yakipita yanadondosha nyuzi, na upepo unazisambaza mji mzima. Zimenasa kwenye kamba ya nguo, kwenye nywele za mama, hata kwenye mfuniko wa sufuria. Anga jeupe tu, halina wingu la kutumaini wala ubuluu wa kutazama.

Sijaandika kwenye blogu hii tangu Pasaka. Leo naandika kwa sababu nina kitu kifuani ambacho siwezi kumwambia mtu wa nyumbani, na cha ajabu ni kwamba nimeshamwambia mmoja wao, ndiyo maana kimekuwa kizito zaidi.

Nianze mwanzo.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu ni kutengeneza mabango kwenye duka la uchapaji hapa mjini. Harusi, misiba, mikutano ya injili, wagombea, sabuni. Mteja anakaa pembeni yangu, ananionyesha kwenye simu yake anachotaka, mimi napanga maneno kwenye kompyuta, mashine inatema bango la plastiki. Ni kazi safi. Mikono hainuki tena.

Ya baba ilikuwa inanuka. Baba yangu, Sayi, aliandika mabango kwa brashi kwa karibu maisha yake yote. Kama uliwahi kupita Bariadi, Dutwa, au vijiji vya Maswa miaka ile, umesoma mkono wake hata kama hukumjua: saluni, mashine za kusaga, maduka ya dawa za mifugo, vibanda vya supu. Alikuwa na herufi za kawaida kwa mambo ya kawaida. "Usitupe taka hapa" aliandika kwa herufi za kawaida. Lakini mtu akifungua duka lake la kwanza, akaja nyumbani na suruali iliyopigwa pasi kumwomba baba amwandikie jina ukutani, baba alimwandikia kwa zile alizoziita herufi za sikukuu.

Zilikuwa nene, zimejaa kiunoni, miguu yake imepanuka chini kama kwato. Ndani ya kila herufi kulipita mstari mweupe mwembamba, na upande wa kulia kulikuwa na kivuli chekundu, hivi kwamba ukisimama ng'ambo ya barabara uliona kama neno limejitenga na ukuta. Na herufi ya kwanza ya kila neno ilikuwa na mkia. Mkia umejikunja juu, kama wa ndama anapokimbia. Baba alisema alianza kwa kuiga maandishi ya makopo ya zamani ya majani ya chai na biskuti, aliyoyakuta yamepangwa kwenye duka moja alipokuwa kijana. Akaongeza hiki, akapunguza kile, mpaka yakawa yake. Hata mimi nilijifunza kuandika jina langu kwa herufi hizo kabla sijajua zile za shule, na mwalimu wa darasa la kwanza aliniuliza mkia ule ni wa nini.

Mama ndiye aliyechanganya rangi. Mama hajui kusoma. Alikulia Ipililo, na kwao wavulana walikwenda shule, yeye akabaki na ng'ombe. Lakini hajawahi kupita mahali penye kazi ya baba akaikosa. Hata akiwa juu ya pikipiki angenyoosha kidole: "Kale ni ka baba yako." Anaujua ule mkia. Maneno yenyewe alikuwa anasomewa.

Mwaka jana, wakati wa masika, baba alianguka mlangoni akivaa viatu. Hospitalini wakasema kiharusi. Mguu umerudi kidogo, anatembea na fimbo. Mkono wa kulia haujarudi. Maneno yamerudi nusu nusu, mengi ya Kisukuma, Kiswahili kinakuja kwa kudokoa. Mimi ananiita "ng'wanone," mwanangu, na nikiingia uso wake unafunguka, kwa hiyo najua ananijua. Lakini jina langu, Milembe, ambalo alinipa yeye mwenyewe, halijatoka mdomoni mwake tangu siku ile.

Na kusoma kumeondoka kabisa.

Daktari alinieleza kwa upole. Alisema macho ya baba ni mazima, anaona vizuri kuliko mimi. Ila akitazama maandishi, ni kama wewe unapotazama nyayo za kuku kwenye majivu. Unaona ni nyayo. Hazikuambii kitu. Nikamuuliza kama kunarudi. Akasema kwa wengine kunarudi, kwa wengine hakurudi, na muda ukishapita sana nisijiumize kwa kungoja.

Mimi nikaamua kujiumiza.

Nilijiambia hivi: magazeti na Biblia ni maandishi ya watu wengine. Labda anachohitaji baba ni maandishi yake. Nikimrudishia herufi zake mwenyewe, zilizotoka kwenye mkono wake, kichwa chake kitashtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Nilitaka kuzifanya kuwa fonti kamili kwenye kompyuta, kuanzia A mpaka Z na tarakimu zake, ili niweze kumwandikia neno lolote ninalotaka alisome. Na neno la kwanza nilishalichagua.

Kwa hiyo Jumapili nyingi baada ya ibada nilichukua bodaboda nikaenda kuzitafuta. Zimebaki chache. Kuta zimepakwa upya, nyingine zimebomolewa. Nilipata D kwenye mashine ya kusaga ambayo haisagi tena. S niliipata kwenye bucha, nusu yake ikiwa nyuma ya bomba la maji ya mvua, na mwenye bucha akaninyanyulia lile bomba huku akicheka. Nilipiga picha kwa simu, kazini nikimaliza ya wateja nikawa nazichora upya kwenye kompyuta, mpindo kwa mpindo. Q na X baba hakuwahi kuziandika. Hakuna mtu wa huku aliyezihitaji. Nikazibuni mwenyewe, na zinaonekana hivyo, kama wageni waliokuja bila kualikwa.

Bosi wangu alizitazama akasema ni nzuri ila za kizamani, wateja wanataka vya kisasa. Ni kweli. Tangu nizikamilishe ni mama mmoja tu muuza dagaa wa Lamadi aliyezichagua, akasema zinaonekana kutoka mbali barabarani. Wengine wote wanazipita. Sikuumia. Sikuzitengeneza kwa ajili yao. Nilizitengeneza kwa ajili ya msomaji mmoja.

Jumatano mzee Mhoja wa Dutwa akanipigia simu. Mzee Mhoja alikuwa na duka la vitambaa, na ukuta wa duka lile ndio kazi kubwa kuliko zote alizofanya baba. Alisema amekodisha ukuta kwa tangazo, wiki ijayo watakuja kuupaka rangi wote, juu mpaka chini. Alisema hakujua afanye nini, uzee umemfika, duka lenyewe siku hizi ni stoo ya mashudu. Kisha akasema, "Mlete Sayi auone mara ya mwisho. Nisipomwonyesha nitakuwa nimemdhulumu."

Ndiyo maana leo asubuhi tulikodi bajaji: baba, mama na mimi. Mama alimvalisha baba shati la kanisani. Mimi nilibeba bango nililolichapa jana kazini, nimelizungusha kama mkeka mdogo, nikalishika mapajani njia nzima. Mama akaniuliza ni la nani. Nikamwambia ni zawadi ya baba.

Nilikuwa na furaha. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Mashamba pande zote yameshavunwa, yamebaki mabua, baiskeli zimebeba magunia, na mimi nilikuwa naona kila kitu kizuri.

Mzee Mhoja alikuwa anatungoja nje kwenye benchi. Baba aliposhuka, kabla hata hajaishika fimbo vizuri, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!"

"Mwangaluka, Sayi. Mhola?"

"Mhola duhu," baba akasema. Salama tu. Wakashikana mkono wa kushoto, mzee Mhoja hakuuachia haraka.

Halafu baba akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Akanyoosha fimbo kuelekea kona ya nyumba akaanza kucheka, akasema kwa Kisukuma kwamba pale ngazi ilimwangusha akaoga rangi nyekundu mpaka watoto wakakimbia wakidhani ni damu. Mzee Mhoja akapiga paja. "Na mke wangu akapiga mayowe!" akasema. Ilikuwa kweli. Mama naye akaanza kukumbusha lake, kwamba koti alilovaa baba siku ile halikutakata tena. Kwa muda pale walikuwa watatu wa zamani, na mimi nilikuwa kama sijazaliwa.

Tukamsogeza mbele ya ukuta.

Ule wekundu umefifia ukawa rangi ya kutu. Chini, pale mvua inaporusha udongo, miguu ya herufi imeliwa. Lakini yote yapo, mistari mitatu, kutoka kona mpaka kona. Nilimshika baba kiwiko.

"Baba," nikamwambia, "unaona nini hapa?"

Akatazama. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba dereva wa bajaji alizima redio. Midomo yake ilicheza bila sauti. Mkono wa kushoto ulinyanyuka kidogo, vidole vimebana kama vimeshika brashi, ukashuka. Nami nilikuwa naomba, sikumbuki kwa maneno gani.

Ndipo akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, sauti yake ya zamani ile ya kuwasomea wateja kazi ikishakamilika:

"Duka la Mhoja. Vitenge na kanga za kila aina. Karibuni sana."

Hivyo ndivyo ukuta ule unavyosema. Neno kwa neno.

Mama akapiga kigelegele mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka nje. Mzee Mhoja akavua kofia. Mimi nilimkumbatia baba nikamlilia begani, akawa ananipigapiga mgongoni kwa mkono ule mzima, anauliza, "Ng'wanone, nani kafa? Nani kafa?"

Ningeishia pale. Ningemrudisha kwenye bajaji, tukaenda nyumbani, bango likabaki limezungushwa. Leo ingekuwa siku njema kuliko zote za mwaka huu. Lakini nilikuwa na bango mkononi.

Nikalikunjua. Mzee Mhoja akashika upande mmoja, mimi upande mwingine. Lilikuwa na neno moja tu, kubwa, kwa herufi za sikukuu, rangi zikiwa mbichi kama siku ya kwanza, kivuli chekundu upande wa kulia na M ina mkia wake.

MILEMBE.

"Na hapa, baba? Hapa pameandikwa nini?"

Akalitazama. Akatabasamu, akaniangalia mimi, akalitazama tena.

"Duka la Mhoja," akasema. "Vitenge na kanga za kila aina. Karibuni sana."

Nilidhani macho yake yamebaki ukutani. Nikasogea karibu zaidi, nikaliinua bango mbele ya uso wake. "Siyo kule, baba. Hiki nilichoshika mimi."

Basi akaweka kidole kwenye M. Akakisogeza polepole, kama alivyokuwa akinifundisha mimi nikiwa mdogo, akipita juu ya I, juu ya L, na huku akitamka, kwa uvumilivu wa mtu anayemsomea mtoto mzito wa kuelewa: "Duka. La. Mhoja." Kidole kilipofika mwisho wa jina langu maneno yalikuwa bado hayajaisha, akayamalizia hewani.

Hakuwa amesoma chochote. Wala ukutani hakusoma. Alisimama mahali palepale, mbele ya mtu yuleyule, akasikia harufu ya mashudu na kelele za barabara ya Dutwa, na sentensi ile ikatoka kama ilivyotoka habari ya ngazi. Alikuwa anakumbuka. Herufi hazikumwambia kitu. Miezi yote ile niliyokaa nikinyoosha mipindo ya S, na nilichokuwa nakitengeneza kilikuwa nyayo za kuku.

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

"Na haka nako kamesomeka!" akasema. "Milembe, amesoma sawa? Ndivyo kalivyoandikwa?"

Mzee Mhoja anajua kusoma. Alinitazama mara moja, kisha akatazama chini, akawa anachokonoa mchanga kwa ncha ya kiatu. Kwa hiyo jibu lilikuwa langu peke yangu.

"Amesoma sawa, mama," nikasema.

Nimejiuliza jioni nzima kwa nini nilisema vile. Ningependa kuandika kwamba ni huruma. Lakini nadhani nilitaka tu kusikia jinsi maneno yale yanavyosikika, hata kama ni mdomo wangu ndio unaoyasema.

Tukazungusha bango. Mzee Mhoja aliagana nasi bila kuniangalia machoni, akamwambia baba, "Umefanya kazi nzuri, Sayi," na baba akajibu kwamba ukuta ule unahitaji kupigwa rangi, umechakaa.

Njia nzima ya kurudi mama hakunyamaza. Baba alisinzia, kichwa kimeegemea bomba la bajaji, na mama akawa anazungumza kwa niaba yetu sote. Alisema Mungu si wa kukata tamaa haraka. Alisema alijua tangu siku baba alipoomba chumvi kwenye mboga. Akaniambia, "Hizo herufi ulizotengeneza ndizo zimemfungua. Watu watakuja kukulipa uwafungue na wa kwao." Nikatazama nje. Kisha akatoa simu akampigia mwinjilisti wa kanisani kwetu. Ana namba yake kwenye kitufe kimoja, nilimwekea mimi. Kwa upepo na kelele ya injini sikusikia yote. Nilisikia, "Anasoma! Nimesimama hapo hapo, anasoma!" na kisha, "Ndiyo, kesho, kwa nini asisimame?"

Nyumbani jirani yetu mama Kulwa alikuwa ameshafika. Sijui habari ilimfikiaje kabla yetu. Alikuja na Biblia yake, ile yenye jalada jeusi na maandishi makubwa, na mama akaichukua, akaifungua mahali popote, akamwekea baba mapajani.

Baba aliutazama ule ukurasa. Aligeuza kichwa kidogo upande huu, kidogo upande ule. Kisha akaninyanyulia macho mimi, si mama, na macho yale yalikuwa na hofu. Sijui anajua kiasi gani cha yanayompata. Sikuwahi kumuuliza kwa sababu sijui ningemuulizaje. Lakini mtu aliyewekewa kitu mapajani na wanawake wawili wamesimama wanangoja, hata kama hajui ni nini wanachongoja, anajua kwamba hana.

"Amechoka, mama," nikasema nikaichukua. "Safari imemchosha. Mwacheni alale."

Mama Kulwa akaondoka na Biblia yake. Mama akasema si neno, kesho atasoma vizuri zaidi. Wamekubaliana na mwinjilisti. Baada ya matangazo baba ataitwa mbele na atasoma zaburi fupi, mbele ya wote waliomwombea, iwe ushuhuda.

Hapo nikajua siwezi kukaa na siri hiyo mpaka asubuhi.

Nilimfuata jikoni akisonga ugali. Nilikaa kwenye kigoda. Sikutafuta maneno mazuri, kwa sababu nilijua nikianza kuyatafuta nitatoka bila kusema.

"Mama, lile bango langu halikuandikwa duka la Mhoja."

Akaendelea kusonga.

"Limeandikwa Milembe. Ni jina langu tu. Baba hakusoma. Hata ule ukuta hakuusoma, aliukumbuka. Nilikudanganya."

Mwiko haukusimama. Aliugeuza ugali, akaukandamiza ukingoni mwa sufuria, akaugeuza tena, mpaka ukaiva kabisa. Akaipua. Akafunika moto kwa majivu. Yote haya bila kunitazama, wala hakuwa amekasirika, ningejua kama angekuwa amekasirika.

Halafu akakaa chini.

"Siku moja tu," akasema. "Ungeniachia siku moja, Milembe."

"Kesho watu wote wangeona, mama."

"Kesho ni kesho. Mimi nasema leo. Ungeniachia leo iishe."

Nilidhani uongo ndio ulikuwa kosa, na kwamba ukweli ungekuwa kuulipia. Kumbe nimemkosea mara mbili. Nilimpa asubuhi kitu ambacho hakikuwepo, na jioni nikakichukua kabla hajalala nacho.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Alikuwa anaweka kidole kwenye jina lako?"

"Ndiyo."

"Na hakulitaja."

"Hakulitaja."

Akatikisa kichwa. Akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akachukua sahani, akamtengea baba kwanza, kama siku zote. Nilimsikia chumbani akimwambia afumbue mdomo, akimwambia ni moto, apulize. Baba akasema kitu kwa Kisukuma, mama akacheka kidogo. Sijui kicheko anakitoa wapi. Mimi sikuweza kula.

Nilipokwenda kuchukua vyombo nilimuuliza kama nimpigie mwinjilisti, nimweleze mimi, ili yeye asipate aibu.

"Acha," akasema. "Hiyo nitaibeba mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Nitajua nikimwona."

Sasa amelala, au ametulia kama aliyelala. Baba anakoroma. Nimeifungua ile fonti kwenye kompyuta ndogo, nikazitazama herufi zote zimepangwa, nzuri, zimenyooka, hazina kosa lolote. Nilitaka kuzifuta. Sikuzifuta. Wala sikujiambia kwamba nimeziacha kwa sababu fulani. Niliifunika tu.

Ibada huanza saa tatu. Nitaamka nipige pasi shati lingine la baba, kwa maana la leo limejaa vumbi la Dutwa. Hilo naliweza. Baada ya hapo mwinjilisti atamaliza matangazo, ataliita jina la baba, na watu watageuka kututazama pale tulipokaa watatu. Sijui ni nani kati yetu atasimama.